Saranghae Haitakupa Keja

Nitasema hii kitu waziwazi, na kama itakukasirisha basi pole mapema: sisi mashabiki wa Korea hapa Kenya tunajua Kikorea kingi ambacho hakiwezi kumsaidia mtu kupata mahali pa kulala.

Tunajua saranghae. Tunajua oppa. Tunaweza kusema aigoo na uchungu wote kama nyanya wa Busan. Kuna wasee hapa mtaani wanaimba wimbo mzima bila kukosea neno. Hiyo ni sawa, hata mimi naimba. Lakini mwambie huyo huyo apigie mwenye nyumba wa Seoul simu, aulize kama kuna chumba cha wiki kumi, dipoziti ni ngapi, na kama stima na maji ziko ndani ya kodi. Utasikia kimya ya kanisa siku ya Jumatatu.

Na hiyo kimya si ndiyo shida yangu. Shida yangu ni venye tunamfanyia mtu mwenye anaomba usaidizi. Mtu anaandika kwenye kundi: "Wadau, nisaidieni na sentensi za Kikorea, natafuta chumba cha miezi miwili, nasafiri mwezi ujao." Majibu unayajua. Wa kwanza: "Tumia app." Wa pili: "Wakorea wanajua Kizungu bana." Wa tatu, huyu ndiye ananimaliza: "Si ulituambia unajua Kikorea?" na vicheko kumi. Wa nne anamwambia aje inboksi, na huko inboksi kuna PDF ya kuuzwa yenye kurasa nzima za kutongoza.

Mimi nasoma Kikorea, na watu huniandikia juu ya mambo haya kila wakati, hasa muhula ukikaribia. Msimamo wangu ni huu: mwenye anaomba Kikorea cha keja ndiye mwanafunzi serious kuliko sisi wote, na usaidizi tunaompa ni wa aibu. Hata tukimpa, tunampa tafsiri peke yake, na tafsiri bila kujua swali la kuuliza inaweza kumweka pabaya.

Wacha nieleze.

Kwanza, nani anaomba? Si mtalii wa hoteli kubwa. Huyo analipa kwa kadi na anaongea Kizungu mapokezi. Anayeomba ni kijana ameenda kusoma lugha kwenye chuo, ambako muhula mmoja wa Kikorea kwa kawaida ni wiki kumi. Au amepata nafasi chuoni lakini hosteli zimejaa. Mkataba wa kawaida wa nyumba Korea ni wa mwaka mmoja au miwili, kwa hivyo huyu hauwezi. Anabaki na vyumba vya muda mfupi: goshiwon, yaani vyumba vidogo sana vilivyoanza kama mahali pa watu kujifungia kusomea mitihani ya serikali, hasukjip, unapopewa chumba pamoja na chakula, nyumba za wageni, na wenye nyumba wanaokubali kukodisha kwa muda mfupi, wanaita dan-gi. Sehemu nyingi kati ya hizo, unaongea na mzee au mama fulani kwa simu, na huyo mama hana haja na Kizungu chako. Kwani mama mwenye ploti ya Kayole akipigiwa na mgeni anaongea Kijerumani atafanya nini? Atakata simu aendelee na shughuli zake.

Sasa twende kwa wale wa "tumia app".

Sikatai. App iko poa kusoma menyu. Lakini sikiliza. Unapiga simu, unauliza bei ya chumba, mwenye nyumba anakwambia "obaek-e osip". App inakuandikia: mia tano kwa hamsini. Tafsiri iko sawa kabisa! Na hujaelewa kitu. Wakorea huhesabu pesa kwa makumi ya maelfu. Kila elfu kumi ni "man" moja, na kwenye mambo ya nyumba hilo neno man mara nyingi hawalitaji hata. Kwa hivyo "mia tano kwa hamsini" maana yake ni dipoziti ya won 5,000,000, na kodi ya won 500,000 kila mwezi. Hiyo dipoziti ni mamia ya maelfu ya shilingi zetu. Kuna mtu ataona "hamsini" afikirie ni won 50,000, aruke juu kwa furaha, na aambie mama yake kodi imepatikana.

Mfano wa pili. Unaona bango la moteli na bei mbili. Moja iko chini kabisa. Unasema nimeangukia. Lakini hiyo ya chini imeandikwa daesil, 대실, na hiyo ni bei ya masaa machache tu. Ya kulala usiku mzima ni sukbak, 숙박. Hata lojingi zetu za mjini ziko na hiyo biashara, usijifanye hujui. Ukitegemea app ikwambie "kukodisha chumba", imekwambia ukweli na bado utaamshwa saa nne usiku utoke.

Mfano wa tatu, wa tarehe. Sam gaewol ni miezi mitatu. Samwol ni mwezi wa tatu, Machi. Ukiharakisha kwa simu, wewe umeitisha chumba cha miezi mitatu, yeye ameandika kwamba unaingia Machi. Hapo sasa utajua hujui.

Halafu kuna heshima. Hapa ndipo Kikorea cha drama kinatuangusha vibaya. Kwenye drama tunasikia wapenzi na marafiki wakiongea, na hao wanatumia lugha ya kishkaji, wanaita banmal. Ukimuuliza mwenye nyumba "Bang isseo?" bila ile "yo" ya mwisho, umemuuliza kama vile ni beshte yako wa darasani. Ni kama wewe uende kwa mama mwenye ploti useme, "We, kuna keja?" Utapewa keja kweli? Na ukiandikia app neno "wewe", inaweza kukuletea dangsin. Hilo neno kwa mtu usiyemjua linaweza kusikika kama unatafuta vita. Wakorea wenyewe hukwepa "wewe". Mwenye biashara wanamwita sajangnim, na mambo yanaendelea vizuri. Sisi Waswahili tunaelewa hii kitu bila kufundishwa! Huwezi kumwita mama wa mtu "wewe" hovyo hovyo, unamwita mama fulani. App haijalelewa na mama yako, kwa hivyo hiyo kazi ni yako.

Na majibu nayo? Mtu akisema "ne", sikio lako la Kizungu linasikia "no" au "nay", na kumbe ni ndiyo. Akisema "gwaenchanayo", inaweza kuwa "iko sawa", na inaweza kuwa "hapana, asante". Akivuta pumzi aseme "jom eoryeowoyo", ni ngumu kidogo, usingoje hadi kesho. Amekataa kwa adabu. Ni ile "tutaangalia" ya ofisi zetu. Mtu aliyepewa sentensi ya kuuliza bila kupewa majibu yanavyokuja ni kama aliyefundishwa kubisha mlango tu. Ukifunguliwa, sasa?

Nimeacha kubwa zaidi mwisho, na hii nataka uisome polepole.

Tarehe 9 Novemba 2018, alfajiri, moto ulishika goshiwon moja mtaa wa Jongno, katikati ya Seoul. Watu 7 walikufa. Wengi waliokaa humo walikuwa watu wa vibarua, wenye kipato cha chini. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba chumba chenye dirisha la nje kilikuwa ghali kuliko kisicho na dirisha kwa kama won 40,000 kwa mwezi, na baadhi ya walionusurika walitokea dirishani. Mwaka wa 2022 jiji la Seoul lilianza kutaka goshiwon mpya ziwe na dirisha kwa kila chumba, na chumba kisipungue mita 7 za mraba. Lakini hiyo ni kwa majengo mapya na yanayoongezwa. Yale ya zamani bado yako, na ndiyo ya bei ya chini, na bei ya chini ndiyo sisi tunatafuta.

Sasa fikiria mtoto wa Kisii au wa Voi anapiga simu. Anauliza vizuri kabisa: "Changmun isseoyo?" Kuna dirisha? Anajibiwa "ne, isseoyo". Lipo. Anafurahi, analipa. Anafika, anakuta dirisha kweli lipo, linaangalia koridoni. Hakudanganywa. Aliuliza kama kuna dirisha, na dirisha lipo. Korea kuna oechang, dirisha la nje, na naechang, dirisha la ndani. Swali lilikuwa "Oechang-ieyo?" Hakuna app itakukatiza ikuambie, "Ngoja kwanza, uliza dirisha linaangalia wapi." Hiyo anakuambia mtu, na huyo mtu ndiye sisi tunapaswa kuwa badala ya kucheka.

Kwa hivyo mnisikie wale wa "jifunze mwenyewe kwanza". Nawaelewa nusu. Kuna watu wanaomba vibaya. Anakuja: "Niaje, nifundishe Kikorea." Chote? Leo? Au anatuma picha ya ukurasa mzima saa sita usiku, na ukichelewa kujibu anakuita mwenye madharau. Hao wanachosha, na hakuna mtu anadaiwa usingizi wake. Lakini dawa ya kuomba vibaya ni kumfundisha mtu kuomba vizuri. Aseme tarehe ya kuingia na ya kutoka. Aseme ni aina gani ya chumba, mji gani, pesa yake inafika wapi, na ni kitu gani hasa anataka kujua. Mtu akikuletea hivyo, usaidizi wako ni dakika tano. Dakika tano hizo huwa unazo, juzi ulitumia masaa mawili kubishana nani amevaa vizuri kwa tuzo.

Na hoja ya "nchi ya watu, ajitegemee" haina miguu. Korea yenyewe inajua mgeni anahitaji msaada. Kuna namba 1330 ya kusaidia watalii, chini ya Korea Tourism Organization, na wanaongea Kizungu pia. Kuna BBB Korea, watu wa kujitolea wanaotafsiri kwa simu, kazi iliyoanza wakati wa Kombe la Dunia la 2002. Wakorea wenyewe wamejitolea kumtafsiria mgeni asiyemjua. Wewe Mkenya unamcheka Mkenya mwenzako. Tafakari hapo.

Kwa hivyo hizi hapa, bure, hakuna PDF. Nakuandikia herufi za Kikorea kwa sababu moja: mwenye nyumba anaweza kushindwa kusoma Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kizungu. Ukimtumia ujumbe, nakili hizo herufi zake.

Kuanza: 사장님, 안녕하세요. 단기로 방 있어요? Sajangnim, annyeonghaseyo. Dan-gi-ro bang isseoyo? Unamsalimia mwenye biashara, unauliza kama kuna chumba cha muda mfupi.

Tarehe: 9월 1일부터 11월 9일까지요. Kutoka Septemba 1 hadi Novemba 9. Badilisha namba, acha hayo mengine. Andika tarehe kamili siku zote, usiseme "miezi miwili na kitu".

Dipoziti: 보증금 있어요? 얼마예요? Bojeunggeum isseoyo? Eolmayeyo? Kuna dipoziti? Ni ngapi? Goshiwon nyingi hazitaki dipoziti au zinataka kidogo, kwa hivyo ukisikia pesa kubwa, uliza tena.

Gharama za juu: 관리비 포함이에요? Gwallibi pohamieyo? Hii ni ada ya kutunza jengo. Kuna kwenye imo ndani ya kodi, kuna kwenye inakuja peke yake mwisho wa mwezi. Uliza pia kama stima, maji na gesi zimo.

Dirisha: 외창이에요? Oechang-ieyo? Nimeshasema. Usiiruke.

Wasichana, hii ni yenu: 여성 전용 층 있어요? Yeoseong jeonyong cheung isseoyo? Kuna ghorofa ya wanawake pekee? Goshiwon kadhaa zinazo, na si aibu kuuliza.

Kutoka mapema: 중간에 나가면 환불돼요? Junggan-e nagamyeon hwanbuldwaeyo? Nikitoka katikati, narudishiwa pesa?

Na ya mwisho, ambayo mimi naona ndiyo ya muhimu kuliko zote: 문자로 보내 주세요. Munja-ro bonae juseyo. Nitumie kwa maandishi. Kila kitu alichosema kwa simu, bei, tarehe, dipoziti, akiandike. Maandishi unaweza kumwonyesha mtu anayejua. Sauti ya simu imeenda na upepo. Na bei ikija, hesabu sifuri moja moja.

Habari njema ni kwamba sisi wa Kiswahili tuko na bahati. A, e, i, o, u zetu zinafanana sana na zao. Zinazotusumbua ni eo na eu, na hizo usizisome kama herufi mbili mbili, kila moja ni sauti moja. Halafu kuna hii: ukimuuliza Mkorea kwa kukanusha, "Hakuna dirisha?", akajibu "ne", anamaanisha ndiyo, hakuna. Mwenye kufikiria kwa Kizungu anapotea hapo. Sisi tunajibu hivyo hivyo: "Hujala?" "Eeh, sijala." Kumbe lugha yetu ilikuwa imetuandaa. Herufi zenyewe leo ni 24 za msingi, za alfabeti aliyoitoa Mfalme Sejong mwaka wa 1446 ili hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Umejua majina na siku za kuzaliwa za vijana saba, herufi 24 zitakushinda?

Onyo moja kwa anayeomba. Mtu akikusaidia na sentensi, hahitaji picha ya pasipoti yako wala hahitaji kushika pesa zako. Akisema "nitumie dipoziti mimi nimfikishie", toka. Maajenti hewa wa nyumba tunawajua hapa Nairobi, na wakiongeza Kikorea kidogo hawageuki kuwa malaika.

Na kwa wanaosaidia: msidharau mnachoweza kupata pia. Kule Korea kuna Wakorea wanaosoma Kiswahili kwenye Hankuk University of Foreign Studies. Kuna siku mmoja wao atakuja Nairobi au Mombasa kutafuta chumba, na atahitaji kujua tokeni za stima ni nini, na kwamba "maji iko" si lazima imaanishe maji iko leo. Msaidie na hizo, naye akusaidie na zake. Hiyo ni biashara safi kuliko PDF yoyote.

Mimi siku hizi nafanya hivi: mtu akiniandikia anatafuta chumba Korea, simuulizi kiwango chake cha Kikorea. Namuuliza tarehe, mji na pesa, halafu namtumia swali la dirisha kabla ya mengine. Fanya hivyo nawe. Na kama huna muda, nyamaza tu, mwache anayejua amjibu.